Krismasi ya kwanza kwenye nyumba tuliyonunua Makorora, tuanzie wapi?

MamaWawili_Tanga
7 Desemba 2025

Habari za jioni wakuu, hasa wenzangu wa Tanga. Naombeni ushauri maana zimebaki wiki mbili na siku kidogo na mi kichwa kinazunguka. Mimi na mume wangu tumepanga miaka kumi na moja, tumeanzia Chuda tukaja Mikanjuni, vyumba viwili, choo cha kuchangia na wapangaji wenzetu, mwaka huu Mungu kajalia tumenunua nyumba Makorora. Sio mpya, ni nyumba ya zamani, kuta imara sana ila bati limechoka, na uani kuna mwembe dodo mkubwa ambao saivi umebeba mpaka matawi yameinama. Tuliuziwa na watoto wa marehemu. Mama yao alikaa pale miaka na miaka, akafariki mwaka jana, nyumba ikafungwa, sisi tumehamia mwishoni mwa mwezi wa kumi.

Sasa kila Krismasi huwa tunapanda Bumbuli kwa wakwe. Mwaka huu nilimwomba mume wangu tubaki maana toka tuoane sijawahi kupika Krismasi kwenye jiko langu mwenyewe, kila mwaka mi ni wa kuosha vyombo kwenye jiko la watu. Kakubali, na mama mkwe kasema basi atashuka yeye, na mashemeji wawili na watoto, wanaweza kufika tisa. Hela imebaki kidogo, Januari kuna ada, sebuleni hakuna dari, chumba cha wageni hata pazia hakina.

Ila kinachonikosesha usingizi sio dari, ni mtaa. Majirani karibu wote Waislamu, watu wastaarabu, salamu haipungui, lakini nyumba bado ni ya bibi. Muuza maji akiulizwa anapeleka wapi anasema "kwa marehemu Bi Mkubwa". Watoto wa mtaa wanaingia uani kuokota maembe kama walivyozoea, mi naogopa mmoja ataanguka, mume wangu anataka geti lipigwe kufuli. Na hapo hapo anataka aalike wenzake wa kazini tarehe 25, walete spika na kreti za bia wakae chini ya mwembe mpaka usiku. Moyo unasita. Sitaki nijifiche kusherehekea sikukuu yangu kwangu, na sitaki nianze vibaya na watu ambao nadhani ndio nitazeeka nao. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Halafu dogo jingine, LUKU. Nilinunua umeme wa 30,000 mara ya kwanza tulipohamia nikapata yuniti chache mno, ni kawaida?

---

Fundi_Kange

Hongera dada. Naanza na LUKU maana ndio jepesi. Kodi ya majengo siku hizi inakatwa humo humo kwenye umeme, ilianza 2021 kwa 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na toka Julai 2023 ni 1,500. Nyumba ikifungwa bila kununua umeme ile kodi haisimami, inajikusanya, we ukija kununua mara ya kwanza inakatwa yote kwa pamoja. Ikiwa ilifungwa miezi 14, zidisha kwa 1,500 ni 21,000, kwaiyo 30,000 yako umebaki na umeme wa 9,000 tu. Ukinunua tena utaona umekaa sawa. Na ukapeleke karatasi zako ubadilishe jina la mita, watu wengi wanakaa miaka na mita ya jina la marehemu halafu siku kuna tatizo wanaanza kuhangaika.

La pili, hiyo dari iache kabisa. Bati likivuja dari mpya inaoza kabla hujaizoea, na mvua za vuli zenyewe huu mwezi zinapiga zikijisikia. Ita fundi apande akague misumari, iliyolegea abadilishe, penye tundu azibe, hiyo kazi ya siku moja. Wageni hawaji kuangalia juu. Pazia tumia kanga, doti moja inafunika dirisha zima na inapendeza kuliko yale mapazia mazito ambayo kwa joto la Tanga la Desemba yanakufanya ulale umekaa.

---

Shangazi_Barabara13

Mwanangu hongera sana, Mungu awape maisha marefu humo ndani. Mimi ni Mwislamu, nimezaliwa Ngamiani barabara ya 13, nina miaka 61, na majirani Wakristo nimeishi nao toka niko mtoto, kwaiyo nakwambia ninayoyajua. Kwanza toa hofu. Hakuna mtu atakasirika kwa wewe kula Krismasi yako, watoto wetu wenyewe siku hiyo wanavaa nguo zao nzuri wanapita majumba ya Wakristo kutafuta pilau kama wa kwenu wanavyokuja kwetu Idi. Kinachouma ni mtu kahamia, kafunga geti, hajawahi hata kupiga hodi. Mmefika mwezi wa kumi, leo ni Desemba. Umeshaingia nyumba ngapi? Sisemi salamu za barabarani, nasema kuingia ukakaa.

Usingoje sikukuu. Jumapili hii inayokuja pika vitumbua au mkate wa kumimina, chochote unachokiweza vizuri, funika na kawa, mshike mtoto wako mkono uende nyumba tatu za kulia, tatu za kushoto na ile mnayotazamana nayo. Usikabidhi mlangoni ukageuka. Ingia, vua viatu, kaa chini. Sema mimi ndio niliyehamia kwa Bi Mkubwa, nimekuja mnijue, na Krismasi nina jambo langu dogo naomba mje. Na lile jina la bibi usilikwepe, lianze wewe. Waulize alikuwa mtu gani, mwembe ule kaupanda nani, alipougua alikuwa anauguzwa na nani. Utakuta kumbe huyo unayempita kila asubuhi ndiye aliyekuwa anampikia uji.

Sasa kwenye siku. Krismasi mwaka huu Alhamisi. Siku hiyo nendeni kanisani, rudini mle na mama mkwe wako mtulie. Sisi utuite Ijumaa tarehe 26, watu wote wako nyumbani ni sikukuu, ila chakula kiwe saa nane, wanaume wameshatoka kuswali. Ukisema saa saba watakuja watoto peke yao.

Nyama sasa, hapa ndio uwe makini. Mbuzi achinjwe na Mwislamu, mfuate mzee wa jirani umuombe kabla, na ukimaliza umpe haki yake. Hilo peke yake litazunguka mtaa mzima kabla hata maji hayajachemka, kila mtu atajua anakula bila wasiwasi. Na sufuria uangalie, kama una sufuria imewahi kupika kitimoto usiilete kwenye hiyo shughuli hata kama umeisugua na mchanga. Kodi kwa akina mama, kila mtaa una kikundi chenye sufuria kubwa na sahani na viti, bei ni ya kusaidiana. Na waombe waje kupika na wewe. Usipike peke yako ukasema ndio utawafurahisha. Wakikaa kwenye jiko lako wakamenya vitunguu toka asubuhi, saa nane hakuna mgeni hapo.

Kilo moja ya mchele inatosha watu saba, ukiwa na watoto wengi hata nane. Watu 40 fanya kilo sita, nyama kilo tatu mpaka nne, viazi vijaze. Kachumbari nyingi na pilipili ya embe, embe si unalo. Maji yakikauka upalie makaa juu ya mfuniko na chini upunguze moto, usiufunue ufunue.

Kama watoto wa marehemu wako Tanga nao waite. Waache wamsomee mama yao dua hapo uani, dakika kumi. Walikuuzia nyumba lakini ndiko walikokulia.

---

Upendo_Nguvumali

Shangazi umeongea vizuri mno na la mbuzi nimelichukua na mimi. Ila kwenye dua hapo mwisho mi nasita, sio kwa ubaya. Mkristo kanunua nyumba, cha kwanza amwite mchungaji iombewe iwekwe wakfu. Kuchanganya mambo mawili kwa pamoja kutamletea maneno kwenye usharika wake. Dada ongea na mchungaji wako kwanza.

---

Shangazi_Barabara13

Upendo mwanangu hujakosea, kila mtu na imani yake. Basi wawaite waje wakae wale, inatosha. Dua wataisoma kwao.

---

MzeeWaArdhi

Naomba niwe tofauti kidogo kabla hamjafika kwenye pilau. Umesema mmeuziwa na watoto wa marehemu. Watoto kama watoto hawauzi, anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na warithi wengine wawe wameridhia kwa maandishi. Barua ya usimamizi unayo nakala? Muhtasari wa kikao cha ukoo? Kama kuna hati, lazima kwanza iingie jina la msimamizi ndio ije kwenu, haiwezi kuruka kutoka kwa marehemu mpaka kwa mnunuzi. Serikali ya mtaa kushuhudia ni vizuri lakini hakumalizi kazi. Na hati iandikwe majina yenu wote wawili wewe na mume, msiseme tutaongeza baadaye.

Hiyo hela ya mbuzi na viti ningekuwa mimi ningeilaza kwenye uhamisho wa hati mwaka huu, sherehe mwakani. Ushuru wa stempu peke yake ni asilimia moja, bado ada nyinginezo.

---

MamaWawili_Tanga

Asante sana mzee wangu, barua ya usimamizi tunayo, nakala imegongwa muhuri wa mahakama, na warithi wote wanne walisaini mbele ya wakili. Hati iko kwenye kubadilishwa, majina ni yetu wote wawili nililisimamia hilo kama nasimamia harusi. Hela ya hati tuliitenga siku ile ile, haiguswi. Hii ya sherehe ni nyingine, ni laki tatu na nusu nilizopokea kwenye kikoba cha akina mama.

---

MzeeWaArdhi

Basi mama mmejipanga. Chinjeni mbuzi.

---

Mkazi_Magomeni_Bagamoyo

Nimesoma swali lako dada nikaona bora niseme, maana hilo la spika chini ya mwembe nililifanya mimi. Nilinunua nyumba huku Bagamoyo, Magomeni, nikahamia Desemba. Krismasi ya kwanza nikaita washkaji wa kazini kutoka Dar, gari sita zimejaa mtaani, muziki mpaka saa tisa usiku, bia, nyama choma. Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa na mzazi mgonjwa ndani, mi sijui, maana sikuwahi kuingia kwake. Hakuja mtu kunigombeza. Hakuna aliyesema neno. Ila baada ya hapo nikipita barazani maongezi yanashuka, wananijibu salamu yanaisha. Yule mzazi alifariki mwezi wa pili na mimi nikajua nilipoona turubai, hakuna aliyenipa taarifa. Nilikaa mle ndani nikalia, sioni aibu kusema. Nilienda msibani nikabeba maji na viti kama kijana wa mtaa, na ilichukua kama miaka miwili ndio nikaanza kuitwa kwenye mambo.

Kwaiyo mwambie shemeji yangu kwa heshima, wenzake wa kazini awaalike siku nyingine, hata mwaka mpya, na bia wakanywee mahali pa bia. Haki anayo, kwake ni kwake, lakini siku ya kwanza mtaa unamtazama ni nani kaingia.

Na hilo geti dada msifunge. Huku tuna miembe mizee kwenye njia ya kuingilia Misheni, ile misheni mapadre waliyoanzisha 1868, watoto wa Bagamoyo vizazi na vizazi wameokota maembe pale, Waislamu kwa Wakristo. Mwembe wenu nao watoto wanauhesabu ni wao kabla yenu. Wekeni utaratibu tu, saa fulani, mtu mzima awepo, wasipande waangue na upembo.

---

Msambaa_Mjini

Wote mmemshauri mambo ya majirani, mi naangalia mama mkwe. Mama wa Bumbuli akishuka Tanga hashuki mikono mitupu, jiandae na kiroba cha viazi, karoti, njegere na maparachichi, kwaiyo usinunue hivyo vitu sokoni Mgandini ukaja ukamvunja moyo. Mpigie simu umuulize kabisa mama unakuja na nini ili nisinunue, atafurahi. Na asije akawa mgeni wa kukaa kwenye kochi, mpe jambo. Kwa mfano yeye ndio afungue sala mezani. Miaka yote umekula kwake, leo anakula kwako, kwake hiyo sio siku ndogo, usione kakubali haraka ukadhani ni rahisi. Tiketi pia mkatie mapema kama unaweza, gari za kutoka mlimani wiki ya Krismasi watu wanasimama mpaka Mombo.

Joto la kwenu litamshinda, chumba chenye upepo mpe yeye hata kama nyie mtalala kwenye mkeka sebuleni.

---

Upendo_Nguvumali

Mti wa Krismasi usinunue wa plastiki dada, tafuta tawi la mvinje, pwani watu huwa wanapunguza matawi, omba. Chomeka kwenye ndoo ya mchanga, funga vipande vya vitenge na pamba. Nyumba nzima inapendeza.

---

MamaWawili_Tanga
15 Desemba

Nimerudi kusema kidogo. Jana nimezunguka na vitumbua kama shangazi alivyosema. Nyumba saba, nilidhani nitatumia saa moja, nimerudi magharibi inaingia. Mwembe kaupanda bibi mwenyewe siku mtoto wake wa kwanza alipoanza shule. Na kweli, yule mama wa mlango wa bluu ninayempita kila siku, ndiye aliyekuwa anamuogesha. Kanishika mkono kaniambia "nilikuwa nakungoja". Wiki sita zote hizo, na mi nilikuwa naona haya!

Mume wangu nilimsomea maneno ya ndugu yetu wa Bagamoyo yote mpaka mwisho. Alikaa kimya, baadaye akasema wenzake atawaita tarehe 3 na hakutakuwa na spika. Mchungaji anakuja Jumapili kuombea nyumba.

---

MamaWawili_Tanga
29 Desemba

Wakuu, imepita. Niko hoi lakini nimeona niandike kabla sijasahau.

Alhamisi tulienda ibada, tukala wenyewe, mama mkwe kafungua sala, alipofika kwenye kumshukuru Mungu kwa nyumba akashindwa kuendelea ikabidi shemeji amalizie. Alileta mpaka kuni jamani. Kuni za mlimani, anasema za Tanga hazijui.

Ijumaa mvua ilipiga saa nne mpaka saa tano, nikasema basi, kumbe ndio ikashusha joto. Mzee wa nyumba ya tatu alichinja asubuhi. Akina mama sita walikuja na visu vyao na vibao, jiko likawa sio langu tena na sikujali. Kuna jambo nataka kulisema. Kwenye lile jiko kuna dirisha dogo tulilikuta limepigiliwa mbao, tukaliacha hivyo hivyo, na kila siku nilikuwa napika natokwa machozi na moshi nasema nyumba za zamani ndivyo zilivyo. Yule mama wa mlango wa bluu alipoingia hata hakuuliza, akaomba nyundo, akazing'oa zile mbao, akasema hili ndilo linaloleta upepo wa kaskazi, mama aliliziba mwaka ule alipoanza kuumwa kifua. Upepo ukaingia moshi wote ukatoka. Nimekaa miezi miwili kwenye nyumba ambayo jirani anaijua kuliko mimi.

Watu walifika kama 55, kilo sita hazikutosha, nyumba ya mbele wakaongeza wali wao hata sikuomba. Watoto wawili wa marehemu walikuja. Binti yake aliomba kuingia chumba cha mama yake, nikamfungulia, akakaa peke yake kidogo, akatoka akaenda kukaa na wenzake kumenya maembe. Dua hawakusoma pale, na mama mkwe wangu ndiye aliyemuuliza kaburi la mama yako liko wapi mwanangu, wakaongea wawili wale muda mrefu sana chini ya mwembe.

Geti halina kufuli. Watoto wanakuja saa kumi, mume wangu mwenyewe ndio anashika upembo, wao wanatandaza shuka kudaka. Mama mkwe kakubali kukaa mpaka mwaka mpya.

Shangazi nina swali la mwisho. Nimebaki na vyombo vya watu, bakuli mbili, sinia na ile sufuria ya wali ya nyumba ya mbele. Navirudisha vipi, na niweke nini? Chakula kimeisha chote.

---

Shangazi_Barabara13

Alhamdulillahi. Umeniliza na hilo dirisha mwanangu.

Leo leo virudishe, usivilaze tena. Vioshe vizuri uvikaushe. Kitupu hakirudi hata kimoja, weka maembe, chagua yaliyoiva ila hayajalegea, mawili kwenye bakuli, sinia ulijaze, ufunike na kitambaa. Ramadhani inakuja Februari, utaona vitakavyorudi kwako.